Siku nne kwa ndege wa Usambara: pandeni Amani, Lushoto iacheni

Swali: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Dar es Salaam, na nimezoea kutazama ndege wa pwani, hasa Kunduchi kwenye mabwawa ya chumvi. Mwezi wa kumi mimi na mume wangu tuna nafasi kuanzia Ijumaa asubuhi hadi Jumatatu. Tunasafiri kwa basi. Tunataka kuwaona ndege wa milima ya Usambara ambao hawapatikani kwingine, na tumepanga siku mbili Amani, siku mbili Lushoto. Tuna darubini ya kuazima, 10x50. Mpango huu unafaa? Kiongozi ni lazima? Na kuna ubaya gani kuwapigia ndege sauti zao kwenye simu ili wajitokeze?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Mwezi mmeuchagua vizuri sana, lakini Lushoto iacheni safari hii.

Kwenye ramani Usambara huonekana mlima mmoja, na ndiyo maana watu wengi hupanga kama mlivyopanga. Kwa miguu na kwa basi ni milima miwili. Bonde la Lwengera limeikata katikati: Usambara Mashariki, ambako ndiko Amani, upande mmoja, na Usambara Magharibi, yenye Lushoto, upande wa pili. Kutoka Amani kwenda Lushoto mtashuka hadi Muheza, mtazunguka kwa Segera na Korogwe hadi Mombo, kisha mpande tena kilometa 33 za kona. Siku nzima imekwenda, na humo ndani imo asubuhi yake.

Hapo kwenye asubuhi ndipo penye hesabu yote. Ukitazama ndege wa pwani unaweza kufika bwawani saa nne na ukawakuta, maana maji yakijaa wao wamesimama tu kwenye tuta wakisubiri. Ndege wa msituni hana mtindo huo. Anaimba na kula kwa bidii kuanzia mapambazuko hadi kama saa nne, halafu msitu unanyamaza, na unaweza kutembea hadi saa tisa ukahisi hakuna kiumbe humo. Kwa hiyo safari ya msituni haihesabiwi kwa siku, inahesabiwa kwa alfajiri. Ninyi mna alfajiri tatu: Jumamosi, Jumapili, Jumatatu. Mkigawanya kati ya Amani na Lushoto, moja mtailia ndani ya basi, na kila mlima utapata alfajiri moja. Ikinyesha hiyo hiyo, mmeukosa mlima mzima.

Sasa kwa nini Amani na siyo Lushoto? Kwanza ni karibu zaidi kwenu. La pili ndilo kubwa: ndani ya hifadhi moja ya Amani mna misitu miwili ya mwinuko tofauti. Lango la Sigi liko kwenye mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, na Amani yenyewe iko karibu na mita 900, kwa barabara moja inayopanda katikati ya msitu. Ndege wengi wa milimani hawapendi kuvuka mstari wao wa mwinuko. Aliyezoea joto la Sigi hamtamwona kwa urahisi kule juu, na wa juu naye wakati wa kuzaliana hashuki. Kuna wanaoshuka kukwepa baridi, kuanzia mwezi wa sita hivi, lakini ninyi mnakwenda Oktoba, wakati wengi wamekwisha kurudi juu na wameanza kuimbia majike.

Kuhusu kutopatikana kwingine, niwaeleze kwa kifupi tu, kwa sababu kiongozi wenu atawaeleza tena njiani. Usambara ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, safu ya vilima na milima inayoanzia Taita, Kenya, ikashuka hadi Udzungwa na Mahenge. Pepo za Bahari ya Hindi huiletea mvua mwaka mzima. Hata pale nyakati za ukame mkubwa wa zamani zilipokausha misitu ya bara, hii ilibaki mibichi, kila mlima kivyake. Ndege walionasa humo wakabadilika taratibu hadi wakawa aina yao wenyewe. Lakini muwe na matarajio ya haki: wa Usambara peke yake kabisa ni wachache mno. Wengi mtakaowaona wanaishi Usambara na Uluguru, au Usambara na Udzungwa, au hapa na msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, Kenya. Kwangu mimi hilo halipunguzi utamu hata kidogo. Ndege anayeishi katika misitu mitatu duniani ni adimu wa kutosha.

Ijumaa pandeni basi la mapema la Tanga, lile la njia ya Chalinze na Segera, mshuke Muheza. Msipite hadi Tanga mjini. Muheza nunueni matunda, maji na betri za tochi, kisha muulize gari la Amani. Magari ya mlimani kwa kawaida hupanda mchana na kushuka alfajiri, na ratiba yake hubadilika, kwa hiyo pigeni simu hifadhini siku mbili kabla. Mkilikosa kuna bodaboda na teksi. Mvua ikiwa imenyesha, patana na dereva anayeijua barabara ile. Udongo wake mwekundu ukilowa huteleza vibaya.

Msipande hadi juu siku hiyo. Laleni Sigi. Hifadhi ina nyumba ya wageni pale, karibu na kituo cha habari, ambacho chenyewe ni nyumba ya kale ya mkuu wa stesheni. Wajerumani walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Sigi kwa ajili ya kuteremsha mbao. Reli haipo tena, nyumba ipo. Kiingilio hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali kama mlivyozoea kwenye huduma nyingine, na raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni wa nje, basi msisahau vitambulisho.

Jioni hiyo hiyo, kama hamjachoka, shukeni mtoni. Mto Sigi una mdiria adimu wa buluu mwenye tumbo la rangi ya machungwa iliyopauka, Alcedo semitorquata, anayependa vijito vyenye kivuli na mawe. Hukaa kwenye tawi la chini juu ya maji, kimya, na kwa kawaida humwoni hadi anaporuka. Kwa hiyo kabla ya kukanyaga daraja lolote, simameni mbali mkague matawi ya chini kwa darubini, moja baada ya jingine.

Jumamosi, saa kumi na mbili kasorobo muwe nje. Kazi ya Sigi ni chozi. Ndege hawa mnawajua mijini, wale wadogo wenye mdomo uliopinda wanaofyonza maua, lakini wa Sigi wanakaa vileleni na shingo zitawauma. Mnayemtafuta ni chozi wa Amani, Hedydipna pallidigaster. Dume ana kichwa na kifua cha kijani kilichokolea hadi karibu ya weusi, na tumbo jeupe, na mpaka kati ya rangi hizo mbili ni mkali kama umekatwa kwa mkasi. Kwa mbali mtaona weupe tu ukihangaika majani ya juu. Huyu anapatikana Usambara Mashariki, Udzungwa na Arabuko-Sokoke. Atakuwa pamoja na chozi mwingine wa mgongo wa zambarau, Anthreptes neglectus, na mara nyingi wote wawili wamo ndani ya kundi la mchanganyiko.

Hili la kundi nataka nilikalie kidogo, kwa sababu ndilo linalowashinda watu wa pwani. Msituni ndege wa aina nyingi huunda msafara mmoja wa kula. Wanafuatana, wengine vileleni, wengine katikati, wengine vichakani, kila mmoja akila chake, huku macho mengi yakimlinda kila mmoja dhidi ya kozi. Mnaweza kukaa nusu saa bila kuona kitu, halafu ghafla ndege ishirini wako juu yenu, na baada ya dakika nne wamepita. Anayewatangazia kundi ni mlamba mdogo mweusi, Dicrurus ludwigii, mwenye makelele mengi, ambaye huwafuata wenzake ili adake wadudu wanaokurupushwa. Mkimsikia mlamba, simameni. Usianze na ndege wa kwanza uliyemwona ukamng'ang'ania hadi umjue. Pitisha darubini kundi zima, upesi, uone nani si wa kawaida, ndipo urudi kwake. Mmoja wenu aangalie vileleni na mwingine katikati, muwe mnaambiana. Mume wako akiona mweusi juu na rangi ya machungwa chini, mdogo kuliko shomoro, akizunguka kwenye mti mrefu ulioachwa ukingoni mwa shamba, apige kelele: huyo ni Hyliota usambara, na hapatikani nje ya Usambara.

Wanaoshindwa msituni wengi wameshindwa kwa kutembea. Njia ya kilometa mbili iwachukue asubuhi nzima. Chagueni mahali penye mwanga, ukingo au mti ulioanguka ukafungua anga, mkae hapo hadi mchoke, halafu mkae tena kidogo.

Karibu na saa sita, joto likipanda Sigi, pandeni Amani. Mchana huo pumzikeni, kuleni, au mtembee bustani ya miti. Amani ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902 kama kituo cha utafiti wa kilimo na viumbe, na miti waliyoileta kutoka pande zote za dunia bado imesimama. Baadhi yake ni pambo tu. Mmoja umeleta balaa: Maesopsis eminii, mti wa Afrika pia lakini mgeni hapa, ambao baadaye ulipandwa kujaza mapengo ya msitu uliokatwa mbao. Unakua haraka, unazaa sana, na hondohondo wanaupenda. Wale hondohondo wakubwa weusi na weupe mtakaowasikia wakivuma kwa mbawa asubuhi na jioni, Bycanistes brevis, humeza matunda yake na kwenda kudondosha mbegu ndani kabisa ya msitu wa asili. Ndege mwenyeji ndiye anayempandia mgeni. Nikiwaona wamejaa kwenye mti ule nawafurahia na kukasirika kwa wakati mmoja.

Kulukulu wa Fischer nao hawakosi pale. Ni wa kijani, wana kishungi chenye wekundu kisogoni, na wakiruka mbawa huwaka nyekundu. Sauti yao mbaya, ya kukwaruza, mtaizoea kabla ya chakula cha jioni. Hawa hamhitaji kuwatafuta, watakuja wenyewe kwenye miti ya makazi.

Jumapili sasa, alfajiri ya pili, na hii iwekeni kwa ndege mmoja. Anaitwa Artisornis moreaui. Nakwambia mapema kwamba hana sura: mdogo, wa kijivu, mkia mrefu, mdomo mrefu kuliko inavyomstahili. Ukimwona Kunduchi hungegeuza shingo. Lakini duniani kote anajulikana sehemu mbili tu, hapa Usambara Mashariki na uwanda wa Njesi kaskazini mwa Msumbiji. Kule Njesi aligunduliwa mwaka 1945, akapotea machoni pa wataalamu hadi alipoonekana tena mwaka 2001. Kati ya sehemu hizo mbili kuna mamia ya kilometa asikoonekana.

Jina lake linatokana na Reginald Moreau, Mwingereza aliyekuwa mhasibu wa jeshi Cairo kabla ya kuhamia Amani mwaka 1928. Hakusomea ndege. Alikaa hapo hadi mwaka 1946 na kutoka humo akaandika mambo ambayo wataalamu wa ndege wa Afrika wanayategemea hadi leo. Ndege huyu alielezwa kisayansi mwaka 1931. Mnapolisikia jina la Moreau, lisikieni pia la Salimu Asumani, Mwafrika aliyemfanyia kazi ya kukusanya na kutafuta ndege misituni. Macho na masikio ya kazi ile yalikuwa yake kwa sehemu kubwa, ila majina ya ndege hayakugawanywa kwa mizani hiyo.

Mtampata wapi? Siyo katikati ya msitu mnene, ingawa wengi huingia huko moja kwa moja. Anapenda mahali palipofunguka: mti mkubwa ulipoanguka, ukingo wa barabara, kingo za msitu zinazopakana na majani ya chai, ilimradi pamejaa kamba za mimea inayotambaa na kusokotana kuanzia chini hadi juu. Ndani ya msokotano huo ndimo anamoishi. Mtamsikia kwanza. Mlio wake ni mkali, wa wazi, unaojirudia kwa mwendo ule ule, mkubwa kuliko mwili wake. Dume na jike hujibizana. Mkishausikia, msikimbilie. Tafuteni pembe inayowaonyesha tundu kwenye kamba, mwanga ukiwa nyuma yenu, msubiri apite kwenye lile tundu. Atapita nusu sekunde. Kisha atapita tena.

Hapa ndipo niingie kwenye swali lako la simu, maana najua mkono utawasha. Ndege akisikia sauti ya aina yake ndani ya eneo lake hudhani kaingiliwa. Anaacha kula, anaacha yai au kinda, anakuja kupigana na mtu asiyekuwepo. Kwa ndege wa kawaida, mara moja, sekunde chache, madhara ni madogo. Kwa huyu hesabu ni tofauti. Jozi zinazoishi kando ya barabara ndizo hizo hizo kila mgeni anapelekwa, na Oktoba wanaanza kutaga. Mgeni wa leo anapiga, wa kesho anapiga, wa keshokutwa naye. Mimi msimamo wangu ni mkali kuliko wa wenzangu wengi: kwa Artisornis na kwa bundi, usipige kabisa. Kiongozi akitoa simu au spika, mwambie kwa heshima kwamba mtasubiri. Wengi hupiga kwa sababu wageni wanawabana, wala hawatakasirika.

Simu itumieni kwa kazi nyingine, tena mkiwa bado Dar. Kwenye tovuti ya Xeno-canto kuna sauti za karibu ndege wote niliowataja. Tafuteni kwa jina la Kilatini, kwa sababu majina mengine hubadilishwa kila mara. Msijaribu kujifunza sauti hamsini, hazitakaa kichwani. Jifunzeni kumi, na ziwemo za ndege wa kawaida kabisa, wale wanaoimba mchana kutwa. Faida yake mtaiona pale. Yule shorewanda mdogo wa kijani, Eurillas virens, huimba kila kona bila kupumzika, na asiyemjua atapoteza asubuhi nzima akimfukuzia kichakani akidhani amepata kitu kikubwa. Mkimjua yeye, na Macrosphenus kretschmeri ambaye naye husikika sana na kuonekana kwa shida, na kile cha kijani cha jamii ya vitororo, Stactolaema olivacea, kinachogonga noti moja kama fundi, basi kelele za msitu zinapungua na sauti ngeni inajitokeza yenyewe.

Nani mwingine wa Jumapili? Chozi mwenye mkufu mwembamba mwekundu kifuani, Anthreptes rubritorques, yupo kwenye miti ya ukingoni na hata karibu na nyumba. Umangu mwenye kichwa cha kijani, Oriolus chlorocephalus, sauti yake nzito na tamu mtaisikia kabla ya chai, ila ukijani wake na majani ni kitu kimoja, mtafuteni kwa tumbo la njano. Chini kwenye giza kuna wale warukaji wa ardhini, Sheppardia sharpei mmojawapo, wanaohitaji mkae chini kabisa, kimya, mkitazama sakafu ya majani makavu. Hapo mume anayechoka kusimama atakuwa na faida.

Usiku wa Jumamosi au Jumapili, wowote usio na mvua, mwombe kiongozi awatoe kusikiliza bundi. Yupo bundi mkubwa wa Usambara aliyepewa jina la kisayansi mwaka 1908 kwa heshima ya Julius Vosseler, mtaalamu wa wanyama wa kituo cha Amani enzi za Wajerumani. Sauti yake ni mvumo mzito unaobingirika, unausikia kifuani kabla ya masikioni. Kumsikia kunatosha. Wengi humsikia bila kumwona, na msiwakatalie viongozi wakisema leo hayupo. Kule bondeni zaidi, chini ya Sigi, wapo pia bundi wadogo wa Sokoke, Otus ireneae, wenye urefu usiozidi shibiri moja, waliojulikana kwanza kutoka Arabuko-Sokoke miaka ya 1960. Lakini kuwafuata kunahitaji usiku mwingine na kiongozi anayeijua miti wanakolala. Kwa safari hii ningewaacha. Njia za usiku nendeni na suruali ndani ya soksi, siafu hawana adabu.

Umeuliza kama kiongozi ni lazima. Hata pale ambapo kanuni haikulazimishi, mchukue. Sababu ya kumwonyesha mtu njia ni ndogo, njia mngeziona wenyewe. Anayeishi pale anajua jozi ya Artisornis inaimba kona gani wiki hii na mti upi unazaa matunda sasa, na habari hizo hamzipati kwenye kitabu wala kwenye simu. Ulizeni hifadhini kiongozi wa ndege hasa, siyo wa matembezi ya kawaida. Mseme mapema kwamba mnataka kuondoka gizani na kutembea polepole, na mpatane malipo kabla. Waongoza ndege wazuri hutaja majina kwa Kiingereza. Muulize na jina la Kisambaa, mara nyingi analo, na mara nyingi linatokana na mlio.

Darubini yenu 10x50 itawafaa Kunduchi kuliko huku. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ukikuza mara kumi, kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara kumi nao, eneo unaloliona linakuwa dogo, na ndege aliye mita tano kichakani mara nyingi haipati kabisa. Msituni ni 8x42, au hata inayokuza mara saba. Mkipata ya kuazima ya namna hiyo, ichukueni. Na kama mnaweza, ziwe mbili, maana darubini moja kwa watu wawili kwenye kundi la dakika nne ni ugomvi wa ndoa. Mkibaki na hiyo hiyo, egemeeni mti. Nguo ziwe za rangi iliyofifia, zisizochakacha. Koti la mvua, kwa kuwa vuli inaanza na Amani hupata karibu mita mbili za mvua kwa mwaka. Kitambaa kikavu cha kufutia vioo ndani ya mfuko wa plastiki. Daftari na penseli, kalamu ya wino ikilowa inakufa. Sigi ni bondeni na mbu wapo, laleni ndani ya chandarua.

Jumatatu amkeni mapema kama kawaida. Alfajiri hii ya tatu sitaipangia ndege. Iwekeni akiba: kama Jumapili ilinyesha, rudieni kona ya Artisornis, kama mlimpata, shukeni kwa gari la kukodi hadi Sigi mapema mkamtafute Hyliota tena au kundi lililowatoroka. Msishuke na gari la alfajiri kama mnaweza kumudu bodaboda mbili saa tatu baadaye. Tofauti ya nauli si kubwa kulinganisha na asubuhi mtakayoipoteza. Saa tano muwe Muheza, jioni mnaingia Dar.

Orodha yenu iandikeni hata ndege wa kawaida, pamoja na mahali, saa na idadi, na mkifika kwenye mtandao iwekeni eBird, tovuti ya kuhifadhi orodha za ndege. Wageni wengi wa Amani huandika wale adimu tu, na matokeo yake ni kwamba tunajua mengi kuhusu ndege kumi na machache sana kuhusu shorewanda ambaye amejaa kila mahali.

Lushoto basi ni safari yake yenyewe, mwakani Januari au Februari, kabla ya masika. Huko mtalala mjini au karibu na msitu wa Magamba, ambao unapanda hadi zaidi ya mita 2,000, na mtakaowatafuta ni wengine kabisa: Sheppardia montana, mdogo wa kahawia wa kwenye giza la chini, ambaye nyumbani kwake ni Usambara Magharibi peke yake, mkesha wa Usambara, Turdus roehli, na chozi wa huko, Cinnyris usambaricus, ambaye yupo pia Pare. Kwa msitu wa baridi namna ile alfajiri huanza taratibu zaidi, na ndege hukawia hadi jua liguse miti. Mtaweza hata kunywa chai kwanza. Chukueni sweta mbili.